Kidole Begani

Mvua ilikuwa ndiyo kwanza imekata, na matone ya mwisho yalikuwa yakidondoka kutoka ukingo wa bati, Fundi Barafu alipogongwa begani. Alikuwa amepiga magoti ndani ya karakana yake, kichwa kimezama hadi shingoni ndani ya friji kuukuu la duka la nyama, akitafuta kwa tochi mahali gesi inapovujia. Kidole kimoja kiligonga juu ya mfupa wa bega la kushoto, polepole, kama mtu anayebisha mlango wa chumba alimolala mtoto. Kikatulia. Kikagonga tena.

"Nakuja, Mwenzangu," alisema bila kutoa kichwa.

Alimjua mgongaji. Duniani hapakuwa na mtu mwingine aliyegonga hivyo ila mke wake. Neno lilikuwa limeshamtoka ndipo alipokumbuka kwamba mlango wa karakana alikuwa ameutia komeo kwa ndani kwa sababu ya upepo, na kwamba mke wake yuko kazini, katikati ya mji, ghorofa ya juu kabisa ya jengo lenye ngazi za kuchosha. Akatoa kichwa. Hakukuwa na mtu. Komeo lilikuwa mahali pake. Sakafu ya saruji ilikuwa kavu, haina hata unyayo mmoja wa mtu aliyetoka mvuani.

Simu ikaanza kulia juu ya meza ya kazi.

Fundi aliitazama tu. Si kwamba hakuisikia. Mke wake hakuwa mtu wa kumgonga mtu bega bure bure. Aligonga pale tu palipokuwa na maumivu njiani. Siku alipomtoa kipande cha chuma kidoleni, aligonga kwanza. Siku aliyokuja kumwambia kwamba mama yake mzazi amefariki, alisimama nyuma ya kiti chake akagonga bega kwanza, na Fundi alikuwa anajua hata kabla hajageuka. "Nikikugonga," alikuwa akisema, "moyo unakimbilia kwenye kidole kuangalia ni nani. Ukiwa huko, sindano inaingia. Ukirudi, imeshatoka."

Akapokea simu.

"Fundi? Mimi ni daktari wa kazini kwa mama. Keti kwanza, baba."

"Nimeshaketi," alisema Fundi, na kweli alikuwa amekaa chini sakafuni.

"Mama ametutoka. Sasa hivi. Alikuwa kwenye stuli yake, akaegemea ukuta. Tumefanya kila tulichoweza. Ni moyo."

"Alikuwa anafanya nini?"

"Alikuwa anamtuliza mgonjwa," alisema.

Fundi alisema "Mungu wangu" mara moja tu. Kisha akainuka, akafunga mlango wa lile friji kwa upole, kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mgeni.

* * *

Marehemu alikuwa mwanamke mfupi, mwepesi wa miguu, mwenye kicheko kilichotangulia kuingia nyumbani kabla yake. Alianza uuguzi katika chumba cha chanjo za watoto. Huko ndiko alikojifunzia kugonga. Hakuna aliyemfundisha. Siku moja mtoto alikuwa akilia hadi anakosa pumzi, na yeye, kwa kutojua afanye nini, akaanza kumgonga bega kwa kidole cha kati huku akimsimulia habari za paka wa nyumbani aliyeiba samaki akamwacha bila kumla. Mtoto akanyamaza ili asikie yaliyompata samaki. Sindano ikapita. Tangu siku hiyo hakumchoma mtu bila kidole na bila hadithi.

Baadaye alihamia ile kliniki ya ghorofani. Kibao cha mlangoni kiliandikwa neno moja tu: NGOZI. Fundi alipomuuliza kazi ya huko ni ipi, alijibiwa, "Ya ngozi." Akiuliza zaidi, alijibiwa, "Ya kule hukaa kule, baba watoto. Niliapa." Fundi naye si mchimbaji wa mambo. Alijua mkewe anapiga watu sindano za ganzi, akajichorea akilini vidonda vya moto, chunjua na majipu, akatosheka.

Kitu kimoja tu cha kule kiliwahi kuvuka kizingiti cha nyumba yao. Mara baada ya kuhamia, marehemu alirudi jioni na utepe wa fundi cherehani, akamkalisha mumewe, akampima paji la uso kutoka sikio hadi sikio.

"Unanishonea kofia?" Fundi aliuliza. "Kofia ya nini, na kipara hiki ndicho taa ya nyumba?"

"Taa yangu siifuniki mimi," alisema, akakipapasa kile kipara kama alivyokipapasa kila jioni arudipo. "Nataka unitengenezee vifuko vya barafu. Upana wa paji la uso, unene usizidi kidole. Visigande vikawa jiwe. Vikunje."

"Vya nini?"

"Vya watu wanaovimba."

Fundi alikata plastiki nzito, akaichomelea kingo kwa pasi, akatia maji yaliyochanganywa na spiriti kidogo ili yagande yakiwa laini. Pembe moja ya kila mfuko aliichomelea mara mbili, kwa kuwa hapo ndipo hupasuka. Miaka yote hiyo aliendelea kuvitengeneza, na friji la karakana halikukosa vifuko vilivyolala vimepangana kama samaki. Kila asubuhi mkewe alivichukua kwenye kikapu. Fundi hakuuliza tena vinavimba vichwa vya nani.

* * *

Msiba uliwekwa nyumbani. Watu wa mtaa walileta viti, wanakwaya walikuja kuimba, na dada mkubwa wa Fundi, mwanamke mwenye ulimi usiojua breki, alishika usukani wa jikoni na wa uani. Binti wa marehemu alikaa na shangazi zake chumbani. Fundi alikaa barazani, akipokea mikono ya watu.

Mgeni wa kwanza asiyejulikana alikuja siku ya kwanza. Mwanamume wa makamo, koti safi, nywele nyingi zilizochanwa nyuma. Alikaa benchi la mwisho, akalia bila sauti, mkono wa kulia umeshika bega la kushoto. Alipoondoka alimpa Fundi mkono.

"Pole sana, mzee wangu. Samahani kwa kuuliza. Ilikuwa mvua ikikata?"

"Ndiyo," alisema Fundi.

"Nilijua," alisema yule mtu kwa sauti ndogo, akaenda zake. Hakuandika jina kwenye daftari la rambirambi.

Wa pili alikuwa mtu mnene, mwenye umri wa Fundi, nywele nyeusi kama masizi juu ya uso wenye makunyanzi. Naye alikaa nyuma. Naye alishika bega. "Ilikuwa mvua ikikata, sivyo?" aliuliza. Kisha, akiwa bado ameushika mkono wa Fundi, akamtazama kwa upole wa ajabu. "Bado unaongea na mafriji, fundi?"

Fundi aliuvuta mkono wake. Ni kweli aliongea na mafriji. Aliyabembeleza, akayatukana, akayaita kwa majina ya wake za wafalme. Lakini alifanya hivyo akiwa peke yake. Aliyejua ni mtu mmoja tu, na huyo alikuwa amelala kwenye chumba cha baridi cha hospitali.

Walizidi kuja. Wawili asubuhi, mmoja mchana, watatu kwa pamoja ambao ni wazi hawakujuana wala hawakutaka kujuana. Wote wanaume, wote nadhifu, wote wenye nywele. Mmoja aliuliza kama mbwa aliyepotea alirudi. Mwingine, mpole, mwenye sauti ya mwalimu, alisema, "Pole, kaka. Sasa nani atakufunika miguu? Maana najua unalala miguu nje ya blanketi." Akagutuka kama mtu aliyekanyaga kitu, akaondoka upesi. Wote waliuliza lile lile la mvua, na wote walipoambiwa ndiyo waliinamisha vichwa kama watu waliokuwa wakiomba wasisikie hivyo.

Dada mkubwa aliyaona yote, maana macho yake nayo hayakuwa na breki. Alimkuta Fundi nyuma ya nyumba, amesimama karibu na pipa la maji.

"Kaka, mimi sisemi kitu," alisema. "Mdomo wangu ni wa kula tu. Lakini nauliza. Hawa wanaume wenye nywele kama bustani ya hoteli ni ndugu wa wifi yangu upande gani?"

"Sijui."

"Basi tuseme ni wagonjwa. Mgonjwa anajuaje miguu yako inalala wapi? Ameambiwa na nani, na walikuwa wamelala wapi walipoambiana?"

"Shangazi, acha," alisema binti, aliyetokea mlangoni na beseni la vyombo.

"Nimeacha. Nimesema kwanza, ndiyo nikaacha."

Fundi aliingia chumbani, akapiga magoti kando ya kitanda. Maombi yalikataa kuja. Kilichomuuma hakikuwa ulimi wa dada yake. Huo aliuzoea tangu utoto. Kilichomuuma ni yale mabega. Kila mmoja wa watu wale alishika palepale, juu ya mfupa, upande wa kushoto. Kile kidole alidhani ni chake. Alidhani ndani ya nyumba kuna kitu kimoja ambacho dunia haikukijua, na sasa dunia ilikuwa imekaa benchi la nyuma, imevaa koti safi, imekishika.

Mchungaji alipokuja jioni kupanga ibada ya mazishi, Fundi alimwambia, "Kesho sitalifikia jeneza. Wapite wengine. Mtu aliyenificha maisha yake, namuaga nani?"

Mchungaji alikuwa mzee, na alikuwa amezika watu wengi. "Usizike ukiwa na hasira, mwanangu. Mwili huoza ukapumzika. Hasira haiozi."

"Kuna jambo jingine. Alinigonga bega. Kabla simu haijalia. Na hawa watu, nadhani aliwagonga pia."

"Wafu hatuwaiti, Fundi. Unajua neno linasema nini."

"Sikumwita, mchungaji. Nilikuwa ndani ya friji."

"Basi tumwachie Mungu," alisema mchungaji. "Yeye ndiye anayejua anamtuma nani. Lakini kesho, ukiweza, pita."

* * *

Asubuhi ya mazishi alikuja mtu ambaye watoto walipomwona langoni walitawanyika kama kuku. Alivaa kofia pana, na chini ya kofia ilionekana bandeji. Uso ulikuwa umevimba kuanzia paji hadi mashavuni, na macho yalikuwa yamebaki vijifereji viwili. Alitembea amenyoosha shingo, taratibu, kama mtu aliyejitwika chungu cha maji bila kata ya kichwani.

"Ee Bwana, na huyu kapigwa na nani?" alinong'ona dada mkubwa. "Angalau huyu, mwenye mke alimwahi."

Mtu yule alikaa benchi la nyuma. Hakushika bega. Aliingiza mkono mfukoni, akatoa kitu kilichofungwa kwenye kitambaa safi, akakilaza juu ya paji la uso, chini kidogo ya bandeji. Kitambaa kikateleza. Fundi, akiwa amekaa barazani, aliona pembe ya plastiki iliyochomelewa mara mbili.

Aliinuka. Watu walidhani anaenda kumpiga, na binti yake alimfuata. Fundi alisimama mbele ya yule mtu.

"Hicho umekipata wapi?"

Mtu aliinua uso wake wa kutisha. Alimtazama Fundi kutoka miguuni hadi kwenye kipara, na hapo kwenye kipara macho yake yakakaa, na yale macho yaliyovimba yakajaa machozi.

"Wewe ndiye fundi wa barafu," alisema.

Walikwenda karakana, ng'ambo ya ua, Fundi, binti na yule mtu. Fundi alifunga mlango. Mgeni alivua kofia kwa mikono miwili, akaomba radhi, akaifungua bandeji iliyokuwa imezungushwa bila kubana. Binti aliweka mkono mdomoni. Upande mmoja wa kichwa, kuanzia paji, ulikuwa umejaa vitone vyekundu vilivyopangana kwa safu, na katika kila kitone kimesimama kijinywele kifupi, kama kitalu cha miche. Upande wa pili ulikuwa mtupu, unang'aa.

"Shamba limelimwa nusu," alisema mgeni. "Ndiyo kazi ya pale, baba. Wanapandikiza nywele. Zinang'olewa kisogoni na mizizi yake, moja moja, zinapandwa mbele. Wote wanaokuja hapa kwako na nywele zao nzuri walilala kwenye kitanda kile. Hakuna atakayekuambia, maana tumewaficha hata wake zetu. Mimi wangu anajua nimesafiri kikazi."

"Na ukirudi na uso huo?"

"Nyuki," alisema mgeni.

Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba uanze Fundi kuhisi midomo yake ikitaka kucheka, na ikamuuma.

Mgeni alieleza, polepole, huku barafu ikiwa pajini. Ganzi yenyewe ndiyo maumivu, alisema. Kabla kichwa hakijafa ganzi, zinapigwa sindano nyingi kukizunguka, kama mtu anayeshona ukingo wa kofia, na ngozi ya kichwa haina nyama ya kupokea. Hapo ndipo mama alipokuwa akisimama kando, kidole begani, na kusimulia. Akipiga sindano mwenyewe, mkono mmoja ulichoma na mwingine uligonga. Ganzi ikishaingia hakuna maumivu tena, ila kuna kitu kibaya zaidi: unasikia. Unasikia kisu kidogo kikikwaruza fuvu, kama panya darini, na hujui ni kichwa cha nani. Ukijigusa paji, mkono unagusa kitu baridi kisicho chako.

"Mtu anaweza kurukwa na akili pale," alisema mgeni. "Ndiyo maana alisimulia. Alisema anayesubiri mwisho wa hadithi hatikisi kichwa. Na hadithi zote zilikuwa zako."

"Zangu?"

"Mafriji unayoyaita malkia. Mbwa. Miguu na blanketi. Siku uliyoenda kanisani na viatu viwili vya kushoto. Tunakijua kipara chako kuliko vichwa vyetu. Nilimuuliza, mama, mbona humleti mzee apandwe, si utapata bure? Akasema, 'Wewe. Kile nikikigusa ndipo najua nimefika nyumbani.'"

Fundi aligeukia meza yake ya kazi. Alishika bisibisi, akaiweka, akaishika tena. Binti alimkaribia, akasimama tu karibu naye.

"Alinifundisha na namna ya kukaa na maumivu," mgeni aliendelea, kama mtu anayejaza kimya kwa heshima. "Kabla hata hawajaanza. Vidonge umeze ganzi ikiwa bado ipo, usisubiri iishe. Alisema maumivu ni mgeni. Ukimwandalia kiti hatavunja mlango. Nilale nimeinua kichwa kwa mito. Barafu pajini tu, kamwe si kwenye miche. Na nijihadhari na moto na milango, maana kichwa kilichokufa ganzi hakijui kimeumia. Siku ile wauguzi wenzake walikuwa wakilia, hakuna aliyekumbuka kuniambia. Lakini nilikuwa nimeshaambiwa."

"Siku ile," alisema Fundi. "Wewe ndiye uliyekuwa kitandani."

"Ndiye mimi."

Mgeni alishusha barafu. Alisema alikuwa amelazwa kifudifudi, uso ndani ya tundu la kitanda, na kupitia tundu lile alichoona ni sakafu na viatu vya mama, raba nyeupe, kando ya stuli. Mvua ilikuwa ikipiga madirisha. Upande mmoja ulikuwa umeshapandwa asubuhi, na kisogoni ganzi ilikuwa inaanza kufifia, akasikia kama cheche. Mama akaongeza sindano, akakaa, akaendelea kugonga na kusimulia. Alikuwa anasimulia habari za chura.

"Alisema mlileta friji kutoka kwa mteja, ukalifungua, ndani mkawa na chura mzima ameganda, na wewe unaogopa vyura kuliko simba. Akasema, 'Basi akatoka mbio hadi...' Sauti ikakata. Nikadhani anakumbuka. Kidole kikaendelea kugonga, kwa hiyo sikuwa na wasiwasi. Kisha nikaona vile viatu vimelegea, vimeelekezana ncha. Nikasikia daktari akimwita. Akamwita tena. Stuli ikaanguka. Wakambeba, nikaviona viatu vinaburuta, vinaondoka kwenye tundu langu. Mlango ukafungwa. Nilibaki peke yangu chumbani, kichwa changu sikisikii, uso umetazama sakafu."

Alirudisha barafu pajini.

"Na kidole kikaendelea, baba. Palepale begani. Kwa mwendo uleule. Mvua ikakata, nikasikia matone dirishani, na kidole bado kinagonga. Sikugeuka. Niliogopa kugeuka, na niliogopa kwamba kitaacha. Kisha kikaacha. Hakikufifia, la. Kiliacha ghafla, kama mtu aliyeitwa mahali pengine."

Ndani ya karakana, kompresa ya lile friji la duka la nyama iliwaka yenyewe, ikanguruma kidogo, ikazima. Hakuna aliyesogea.

"Daktari anasema ni ganzi," mgeni alisema. "Anasema mahali pamoja pa mwili pakifa ganzi, akili hujitungia mambo. Labda. Ni mtu mwema, na analia kila ukimtaja mama. Lakini mimi nilipigwa ganzi kichwani. Bega halikupigwa. Na hawa wengine walikuwa makwao, maofisini, mmoja alikuwa anaendesha gari. Walipiga simu kliniki kuuliza kama yule mama ni mzima. Ndivyo walivyojua."

Fundi alikuwa ameshika bega lake la kushoto bila kujua. Kabla ya sindano, kidole. Mkewe alikuwa amewagonga si kwa kuwa walikuwa wapenzi wake. Alikuwa amewagonga wote aliowazoesha kupokea maumivu, kama muuguzi anayepita vitandani kabla ya kutoka zamu, na wa mwisho alikuwa mumewe, kwa sababu sindano yake ndiyo iliyokuwa ndefu.

"Nilikuja kwa jambo moja," alisema mgeni kwa aibu. "Unisamehe. Hadithi haikuisha. Ulikimbia hadi wapi?"

Nje wanakwaya walikuwa wakijaribu sauti.

"Hadi kwa dada yangu," alisema Fundi. "Nikapanda juu ya meza yake. Yeye akaja na ufagio kumwua chura. Tulipofika, jua lilikuwa limempata. Alikuwa ameyeyuka, amekaa mlangoni mwa friji, anatutazama. Dada naye akapanda juu ya kompresa. Mke wangu ndiye aliyemchukua kwa mkono akampeleka mtaroni. Alimgonga mgongoni kwanza. Kwa kidole."

Mgeni aliyafumba yale macho yake membamba. "Ahsante," alisema. Alijifunga bandeji yake, binti akamsaidia. Fundi akafungua friji la karakana, akatoa vifuko vyote vilivyobaki, akavitia kwenye kikapu cha marehemu, akampa.

* * *

Ibada ilifanyika uani, kisha makaburini. Mchungaji alisoma, akasali, akawaambia watu kwamba dada yetu alitumwa kwa wenye maumivu na amemaliza kazi aliyotumwa. Jeneza likafunguliwa watu wapite.

Walipita majirani, wakapita wanakwaya. Dada mkubwa alipita, akasema kwa sauti ambayo kwake ilikuwa ya chini, "Wifi, ulimi wangu huu, unisamehe," akasaidiwa kukaa. Daktari alipita. Wakapita wale wanaume wa benchi la nyuma, mmoja mmoja, kila mmoja ameshika bega lake. Mtu mwenye bandeji alipofika alivua kofia na bandeji mbele za watu wote, akasimama hivyo, nusu kichwa kimepandwa na nusu kitupu, wala hakujifunika tena hadi mwisho. Binti alipita, akambusu mama yake.

Fundi alipita wa mwisho. Alikuwa amevaa suti yake ya kanisani, viatu kimoja cha kulia na kimoja cha kushoto. Binti alikuwa amehakikisha. Mkewe alikuwa amevalishwa gauni jeupe. Fundi aligusa paji lake. Lilikuwa baridi, si lake tena. Kisha akainama kidogo, akaweka kidole cha kati juu ya mfupa wa bega la kushoto la mkewe, akagonga polepole. Akatulia. Akagonga tena.

Akawaambia wafunge.

Vijana waliteremsha jeneza kwa kamba. Mchungaji alitupa udongo wa kwanza, Fundi wa pili, binti wa tatu. Kwaya iliimba hadi kaburi likajaa. Waliweka maua, wakasali sala ya mwisho, watu wakatawanyika. Mvua haikunyesha siku ile. Fundi na binti yake walirudi nyumbani kwa miguu.